Laptopu ya Zuhura: gumzo la kikundi cha ukoo

Zuhura: Shikamooni wakubwa zangu. Chuo kinafunguliwa mwezi ujao na mama amenipa milioni moja na nusu ya laptopu. Niko Kariakoo muda huu. Muuzaji ananionyesha mbili. Ya kwanza mpya, nyembamba, kioo chake cha tachi, inafunguka kwa alama ya kidole, ina kitufe cha Copilot, yule msaidizi wa AI wa Microsoft, halafu ukigusa kona ya tachipadi zinawaka namba za kuandikia. Ya pili ni ThinkPad iliyotumika, nene kidogo, haina tachi. Nachukua ipi?

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Hiyo mpya imenivutia hata kwenye picha.

Salma: Ya tachi Zuhura 😍

Baba Mdogo Idi: Marahaba. Usilipe kwanza. Unaenda kusomea nini vile, uhasibu?

Zuhura: Ndiyo baba mdogo.

Shangazi Rukia: Basi hapo nina la kusema. Zuhura, hizo namba zinazowaka, ukizigusa kidole kinahisi chochote?

Zuhura: Hapana shangazi. Ni bapa laini tu, namba zimechorwa kwa mwanga.

Shangazi Rukia: Sasa mwambie muuzaji akuonyeshe kibodi yoyote yenye namba pembeni. Papasa kitufe cha 5. Kina kinundu kidogo. F na J navyo vinacho. Kinundu hicho ndicho kinachomwezesha mhasibu kuangalia karatasi badala ya vidole vyake. Kidole cha kati kinatulia juu ya 5, vingine vinajua njia. Mwisho wa mwezi ninapoingiza vocha za malipo kwenye kompyuta, mkono wa kushoto unafunua karatasi, wa kulia unapiga namba, macho hayabanduki kwenye vocha. Kwenye bapa laini utalazimika kuangalia kila tarakimu unayoigusa. Ukiacha kuangalia tu, 6 inaingia mahali pa 9 na hesabu inakataa kulingana.

Salma: Lakini shangazi, si afadhali kuliko kutokuwa nazo kabisa? Laptopu ndogo nyingi hazina namba pembeni.

Shangazi Rukia: Kwa kuandika namba ya simu, afadhali, sikatai. Kwa mtu atakayeishi ndani ya Excel miaka mitatu, hapana. Kuna vibodi vidogo vya namba peke yake, unachomeka kwenye USB. Kwangu mimi hicho kinamfaa kuliko mwanga wote huo.

Baba Mdogo Idi: Mimi mteja akiniletea kompyuta yenye kitu kipya nauliza jambo moja: hiki kimekaa mahali pa nani? Kwenye laptopu nafasi ni ile ile, hawawezi kuongeza bila kupunguza. Zuhura, tazama upande wa kulia wa kitufe cha nafasi, kile kirefu. Kuna Ctrl?

Zuhura: Subiri… Hakuna. Kuna Alt, kuna cha Copilot, halafu mishale.

Shangazi Rukia: Hakuna Ctrl ya kulia?!

Baba Mdogo Idi: Ndiyo hivyo. Microsoft walitangaza kitufe hicho Januari 2024, na wakajivunia kwamba ni badiliko kubwa la kwanza la kibodi ya Windows kwa karibu miaka 30, tangu kilipokuja kitufe cha Windows mwaka 1994. Kwenye laptopu nyingi kimekaa palipokuwa na Ctrl ya kulia au kitufe cha menyu.

Shangazi Rukia: Idi, Ctrl ya kulia na mshale wa chini navibonyeza kwa mkono mmoja siku nzima. Orodha ina mistari elfu kadhaa, unaruka mpaka wa mwisho mara moja. Sasa nitumie mikono miwili ili mtu apate kitufe cha kumfungulia programu ambayo ingefunguka kwa kubofya tu?

Bakari (Muscat): Asalaam aleikum jamaa. Shangazi, kinaweza kubadilishwa. Ndani ya mipangilio ya Windows unachagua kifungue programu nyingine. Na kuna PowerToys, programu ya Microsoft wenyewe, ya bure, inakuruhusu kukipangia kazi nyingine.

Baba Mdogo Idi: Waaleikum salaam. Kweli, ila kukigeuza kiwe Ctrl kamili kuna shida yake. Ukikibonyeza, kompyuta inapokea vitufe vitatu kwa pamoja: Windows, Shift na F23. F23 huioni kwenye kibodi za kawaida za dukani. Kwa hiyo hutaki tu kukipa jina jipya, unataka mashine isahau hivyo viwili vingine. Na bado nasema, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asianze chuo kwa kurekebisha kibodi aliyoinunua mpya.

Shangazi Rukia: Na kile cha menyu kina wenyewe. Kazini kwetu yupo kijana asiyeona, anatumia kompyuta kwa programu inayomsomea skrini. Kitufe cha menyu ndicho kubofya kulia kwake. Njia nyingine ipo, Shift na F10, lakini mtu aliyezoea kidole kimoja unamwongezea kazi kwa sababu gani?

Bakari (Muscat): Hapo nakubali. Lakini nisikie watu wakisema kila kipya ni mbwembwe, nitabisha. Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Ile Touch Bar ya MacBook Pro, kile kioo chembamba juu ya kibodi, niliipenda kwa dhati. Naweka kidole, natelezesha, video yote inapita mbele yangu. Apple walipoiondoa nilisikitika.

Salma: Iliondolewa? Mbona mimi niliisikia ikisifiwa sana.

Bakari (Muscat): Ilikuja Oktoba 2016. Mashine za inchi 14 na 16 za mwaka 2021 zikatoka bila hiyo. Ikabaki kwenye inchi 13 peke yake, nayo ikaacha kuuzwa 2023.

Baba Mdogo Idi: Na unajua kwa nini wengi hawakuililia? Iliwanyang'anya safu nzima ya vitufe vya juu. Kuongeza sauti ambako ni kubonyeza mara moja, ikawa uangalie chini, utafute alama, uguse, uburute. Waandishi wa programu walinuna kwa sababu ya Esc: ikawa picha kwenye kioo. Mwaka 2019 Apple wenyewe wakarudisha Esc ya kweli kwenye mashine ya inchi 16, Touch Bar ikiwa bado ipo. Bakari, wewe ilikufaa kwa sababu kazi yako ni ya kutelezesha. Anayeandika maneno hana cha kutelezesha.

Bakari (Muscat): Hilo siwezi kulipinga ami.

Mama Zuhura: Jamani mtoto amesimama dukani. Nyembamba au nene?

Baba Mdogo Idi: Shemeji, wembamba nao nauogopa, acha nieleze. Apple mwaka 2015 walitoa kibodi ambayo kitufe kinashuka kama nusu milimita tu, ili mashine iwe nyembamba. Chembe ya vumbi ikiingia, kitufe kinakwama au kinaandika herufi mara mbili. Mwaka 2018 wakaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure, kuanzia mwisho wa 2019 wakarudi kwenye aina ya zamani, na mwaka 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja huko Marekani. Kampuni yenye fedha na wahandisi kama wale, na kilichowashinda ni vumbi. Sasa niambie vumbi la hapa kwetu.

Baba Mdogo Idi: Halafu kuna la ufundi. Kwenye nyembamba nyingi kibodi imepigiliwa kwenye bamba la juu kwa vijipini vya plastiki. Ikimwagikiwa chai, mara nyingi tunabadilisha bamba zima. Kwenye nyingi za zamani za kikazi nafungua skrubu chache, naweka kibodi nyingine, mteja anarudi nyumbani jioni ile ile. Kioo cha tachi nacho kikivunjika ni ghali kuliko cha kawaida, na kinang'aa ukikaa karibu na dirisha.

Salma: Baba mdogo, tachi naitetea mbele yako. Ninaposomea usanifu majengo, kioo changu kinalala chali, nachora kwa kalamu, mkato wa jengo, ngazi, kila kitu. Kalamu inajua nimekandamiza kiasi gani. Bila hiyo ningechora kwenye karatasi kisha nipige picha. Kwangu mimi si mbwembwe hata kidogo.

Shangazi Rukia: Salma, yako inajikunja mpaka inalala juu ya meza. Zuhura, hiyo ya kwako?

Zuhura: Inafunguka kama kawaida tu, haijikunji. Na muuzaji anasema haina kalamu.

Salma: Ooh. Basi nimebadilisha kura yangu. Kioo kikiwa kimesimama wima, mkono unachoka haraka sana. Mimi mwenyewe kikiwa wima sikigusi.

Bakari (Muscat): Steve Jobs alilisema hilo mwaka 2010, kwamba walijaribu na mkono unachoka. Miaka miwili baadaye Windows 8 ikaja na tachi kila mahali, na watu wengi wakaendelea kutumia kipanya.

Mama Mkubwa Pangani: Nimechelewa, nilikuwa sokoni. Hamjambo wanangu. Naona mnasema kubonyeza tu. Mbona hakuna aliyetaja kusema?

Zuhura: Shikamoo mama mkubwa. Kusema vipi?

Mama Mkubwa Pangani: Marahaba. Mnajua vidole vyangu, baridi yabisi imevikunja. Kuandika ukurasa mmoja wa kumbukumbu za kikundi chetu ilikuwa jioni nzima na maumivu. Mjukuu wangu akanifungulia Google Docs, akachagua Kiswahili, akawasha maikrofoni. Ninasema, maneno yanajiandika. Nukta na mkato naviweka kwa mkono, majina ya watu wetu huyakosea, nikisema haraka Kipangani changu huchanganyikiwa. Lakini naandika tena. Nilifundisha shule miaka mingi, na nilikwisha jiambia kwamba kuandika basi.

Shangazi Rukia: Dada, hili hukuwahi kutuambia 🥹

Baba Mdogo Idi: Dada hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyosemwa hapa leo. Google waliingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017. Na tazameni, halikuhitaji kitufe kipya. Maikrofoni ilikuwepo kwenye laptopu miaka yote. Kilichokosekana ni mtu kuifundisha mashine lugha yetu.

Salma: Ndiyo maana nawasihi muingie Common Voice ya Mozilla. Unasoma sentensi za Kiswahili, sauti yako inaingia kwenye hazina ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kufundishia mashine. Mama mkubwa, sauti ya Pangani inahitajika kule, ili siku moja mashine isichanganyikiwe.

Mama Mkubwa Pangani: Nioneshe namna, nitasoma. Ila Zuhura, kwangu inataka bando, mtandao ukikatika inakaa kimya. Na darasani huwezi kusemasema.

Zuhura: Kweli mama mkubwa. Hostelini pia tutakuwa wengi chumbani.

Shangazi Rukia: Ndiyo sababu alama ya kidole naiunga mkono. Unapiga nywila mbele ya watu mara ngapi kwa siku? Mwisho wanaijua. Kidole hakiangaliwi begani. Kikiwa na maji hakisomi, basi unaandika PIN.

Baba Mdogo Idi: Naunga mkono. Haikuchukua nafasi ya kitufe chochote, na inatumika kila unapofungua mashine. Kingine ninachokipigania ni tachipadi yenyewe, maana hiyo utaigusa kila dakika. Zuhura, weka vidole viwili, vuta ukurasa polepole. Kisha vitatu, vipeleke kushoto na kulia.

Zuhura: Ya mpya inateleza vizuri. Ila nikibonyeza sehemu ya juu ni ngumu, chini ni laini.

Baba Mdogo Idi: Hiyo imefungwa bawaba upande wa juu, zipo nyingi hivyo. Siyo ubovu. Zile ghali haziendi chini kabisa, kuna kinachotetemeka ndani mpaka kidole kinaamini kimebonyeza, na zinaitika sawasawa kila pembe. Apple walianza nazo 2015. Nikiwa na hela ya ziada ningeiweka hapo kabla ya kioo cha tachi.

Salma: Na kile kidude chekundu katikati ya kibodi ya ThinkPad?

Baba Mdogo Idi: TrackPoint. Ipo tangu ThinkPad ya kwanza ya IBM, 1992. Unasukuma kwa kidole cha shahada, mshale unakwenda, mikono haitoki kwenye herufi. Wengine hawaigusi maisha yao yote. Mimi siiachi. Lakini nayo haikuondoa kitufe cha mtu, imejibanza kati ya G, H na B.

Mama Zuhura: Nimewasikia wote na nimeelewa. Ila mimi naogopa iliyotumika. Ikifa wiki ya pili nimshike nani? Mpya ina waranti.

Baba Mdogo Idi: Hilo ni la haki shemeji. Siwezi kulibeza.

Shangazi Rukia: Zuhura, muulize kama ana mpya ya inchi 15 yenye namba za kweli pembeni, bila tachi. Kwa kuwa haina kioo hicho bei inaweza kuingia.

Zuhura: Ngoja.

Zuhura: Ipo! Mpya, waranti mwaka mmoja. Kibodi ina namba pembeni, nimepapasa 5, kinundu kipo. Ctrl ya kulia ipo. Alama ya kidole ipo. Haina tachi. Ni nzito kidogo kuliko zile mbili. Anataka milioni moja na laki nne na nusu.

Shangazi Rukia: Hiyo 👏🏾

Bakari (Muscat): Uzito atauzoea, anabeba begi tu.

Salma: Binti mdogo, uzito huo siku ya mvua kwenye daladala nao uhesabu. Lakini ningekuwa wewe ningeichukua.

Mama Zuhura: Idi, unaonaje?

Baba Mdogo Idi: Naona inafaa. Zuhura, fungua Notepad, bonyeza kila kitufe, safu baada ya safu, na namba za pembeni zote. Sajili kidole chako, funga, ufungue tena. Kisha nipigie picha stika ya chini yenye modeli, nione kama kibodi yake inabadilishika peke yake. Usitoe hela kabla sijakujibu.

Zuhura: Sawa baba mdogo, naanza na safu ya juu.