Naombeni ushauri: niache ajira ya kudumu ya SAP nikachukue mkataba wa mwaka mmoja?

Kijana wa Goba (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu, nisiwachoshe. Niko Dar, kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa, nasapoti SAP, ule mfumo wa kompyuta wa kuendeshea shughuli za kampuni, upande wa fedha (FICO). Nina miaka sita kwenye hiyo kazi. Mshahara kabla ya makato ni 2,600,000, bima ya familia ipo, bosi hana neno. Sasa kuna kampuni ya ushauri imenipa ofa ya miezi 12 kwa 6,500,000 kwa mwezi, kazi ni kumhamisha mteja wao kutoka ECC (SAP ya zamani) kwenda S/4HANA (SAP mpya). Ni Dar na miezi kadhaa Nairobi. Hawalipi NSSF, bima hakuna, ankara natoa mwenyewe. Nina mke na mtoto wa miezi minane. Usingizi sina. Matusi wekeni pembeni.

Tindo la Kati
Milioni sita na nusu unakuja kuuliza? Wenzako huku tunagombania laki tatu na nusu. Funga uzi, tulale.

MamaRisiti
Tuanze na hesabu, maana vijana mnalinganisha namba za juu tu. Kwenye 2,600,000 NSSF wanachukua 260,000. PAYE kwenye kinachobaki ni 530,000. Kama una deni la mkopo wa chuo (HESLB), 15% nyingine ya mshahara, 390,000. Mkononi unabaki na 1,420,000. Nimekosea?

Kijana wa Goba
Hujakosea hata senti. Umenitisha.

MamaRisiti
Huku kwa mkataba watakukata 5% ya kodi ya zuio, 325,000, inaingia 6,175,000. Usishangilie. Hiyo 5% ni malipo ya awali tu, mwisho wa mwaka unajaza ritani mwenyewe na TRA watataka chao kilichobaki. Ile 10% ya NSSF aliyokuwa anakuwekea mwajiri inakufa. Mtoto akiugua unatoa mfukoni. Mkataba ukiisha unakaa benchi, na benchi halilipi. Bado inazidi unachopata leo, ila si kwa ukubwa unaouona.

Mzee wa Sevaa
Umenikumbusha Mwanza 2014. Tuliwasha mfumo Jumapili usiku, tukapongezana, tukala sato. Jumatatu asubuhi malori kumi na moja getini, hakuna linalotoka kwa sababu hati ya kupakia haichapishwi. Mkuu wa ghala, mzee wa Kisukuma mpole kupita kiasi, hakusema kitu. Akatuma mtu dukani akanunue madaftari matatu. Siku mbili nzima tuliandika mzigo kwa mkono, sisi wenye laptopu tukishika kalamu. Ile sura yake sijaisahau. Kuna kitu nilitaka kukwambia lakini kimenitoka.

Mtumishi Mwaminifu
Kijana, tamaa mbele mauti nyuma. Mke ananyonyesha wewe unawaza Nairobi. Tafuta nafasi serikalini, huku tuna mfumo wetu wa malipo, MUSE, likizo unapata, pensheni unaiona. Au weka hela kwenye parachichi Njombe.

Tindo la Kati
Kila uzi parachichi. Mtu akiuliza dawa ya jino, parachichi.

Bint Pangani
Mimi nimekaa upande wa kuajiri hawa watu, kwa hiyo nauliza tofauti. Nani alikusaili, na kwa muda gani?

Kijana wa Goba
HR na meneja wao wa mauzo, kwa Teams, kama dakika 25. Cheti cha SAP cha fedha kwenye S/4HANA (C_TS4FI) ninacho, nilisoma mwenyewe usiku nikaufanya mtihani nikapita. Waliuliza nimefanya miradi mingapi, nikawajibu.

Bint Pangani
Uliwajibu mingapi?

Kijana wa Goba
Dada, tusitoke kwenye mada. Mada ni hela na usalama wa mkataba.

Mwana Eastlands
Boss, mimi niko hapa Nairobi. Kwetu konsaltanti akiletwa, mteja mwenyewe humkalisha chini siku ya kwanza na maswali yake. Nimewahi kuona jamaa akirudishiwa begi lake kabla ya saa ya lanchi. Huyo meneja wa mauzo hakukutest, alikuwa anajaza kiti.

Mpekuzi Huru
Samahanini, nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwaka jana huyu huyu aliuliza utaratibu wa kurekebisha jina kwenye cheti, akasema amemaliza chuo 2022. Leo ana miaka sita kazini. Hii ni chai, tena haina hata tangawizi.

Tindo la Kati
Nilijua! Nashuka na chapati.

Dereva wa Mwendokasi
Mods hamishieni jukwaa la hadithi. Na mtoto wa miezi minane naye hayupo, mtaona.

Mtumishi Mwaminifu
Nimepoteza bando langu kumshauri mtu wa kufikirika.

Kijana wa Goba
Si chai. Mtoto yupo, hapa namshikilia na mkono mmoja.

Miaka sita ni ya kwenye CV. Usiku wa kuamkia usaili niliisoma CV yangu mara nyingi mpaka ikanikaa, juzi nikaiandika hapa bila kujua. Ukweli ni miaka mitatu, na mwaka wa kwanza nilikuwa naingiza ankara za wauzaji tu. Pia nimeandika kwamba nimefanya miradi miwili ya S/4HANA tangu mwanzo hadi mwisho. Niliingia mmoja, wakati watumiaji wanajaribu mfumo, wiki tano.

Sasa mnajua. Lakini jamani, kila mtu anaongeza. Kuna kaka tulikuwa naye ofisini aliongeza zaidi yangu, leo yuko Dubai anatuma picha. Na mfumo naujua, nausapoti kila siku.

Bint Pangani
Unaujua kama abiria anavyoijua njia. Nikuulize jambo dogo: mzigo unapokelewa ghalani, mfumo unajuaje thamani iende akaunti ipi ya fedha? Hapo unaenda kupanga wapi?

Tindo la Kati
Dakika arobaini kimya. Chai imepoa.

Kijana wa Goba
OBYC, ndiyo skrini ya kupangia hizo akaunti. Nimetafuta Google. Sitaki kudanganya tena leo.

Bint Pangani
Asante kwa kusema. Sasa sikiliza. Kwenye ECC umezoea kumfungua muuzaji kwa amri ya FK01. Kwenye S/4HANA muuzaji na mteja wote wanaingia kwenye rekodi ya aina moja, Business Partner, kwa hiyo kabla ya kuhama kuna mtu lazima asafishe majina yote: waliojirudia, wasio na TIN, waliokufa. Halafu maingizo ya fedha na ya gharama yanakaa jedwali moja, ACDOCA, na salio la zamani lisipolingana na jipya, macho yote ya chumba yanamgeukia mtu wa FICO. Aliyewahi kukaa kwenye kile kiti anajua kinavyounguza.

Ungefaa sana kuwa mtu wa pili kwenye timu. Watu wa kusafisha data na kukaa na wahasibu hatuwapati, na wewe uhasibu unaujua. Tatizo umeomba kiti cha kiongozi. Wapigie, waambie ukweli, omba kiti cha chini hata kwa milioni tatu na nusu. Sapoti ya kawaida ya ECC inaisha mwisho wa 2027, na anayetaka kusogeza mpaka 2030 analipa ziada. Wateja wana haraka. Kwa haraka hiyo wanaweza kukupunguzia bei badala ya kukufukuza.

Kijana wa Goba
Milioni tatu na nusu bila bima si bora nibaki?

MamaRisiti
Hapo ndipo pa kufikiria kwa utulivu. La msingi usiandike barua ya kuacha kazi mpaka mkataba uwe mkononi umesainiwa pande zote.

Kijana wa Goba
Barua niliipeleka Jumatatu.

Dereva wa Mwendokasi
😳

Tindo la Kati
Kumbe siku zote hizi tunampima presha marehemu.

MamaRisiti
Mwanangu! Mkataba mpya umesaini?

Kijana wa Goba
Wamesema utakuja. Nina imeili yao ya ofa. Nilihofia wangempa mtu mwingine, nikaanza kuhesabu zile siku 28 za notisi mapema. Nilifanya hesabu zangu, sikukurupuka.

MamaRisiti
Imeili haikulipi. Kesho asubuhi nenda kwa bosi wako, huyo uliyesema hana neno, kabla HR hawajajibu. Barua ikishapokelewa huichukui kwa kutaka kwako, mpaka wao wakubali.

Mzee wa Sevaa
Nimekumbuka nilichotaka kusema. Yale malori kumi na moja. Kiongozi wa mradi aliyekuwa ameandika kwenye CV kwamba ameshawasha mifumo minne alikuwa mimi. Hati haikuchapishwa kwa sababu sikuwahi kusikia NACE, pale SAP inapopangiwa uchapishaji wa hati, maishani mwangu. Nilijifunza siku hizo mbili, usiku, huku mkuu wa ghala amekaa nje kwenye kreti anangoja. Walinivumilia kwa kuwa 2014 hapakuwa na mwingine wa kumwita. Leo wapo.

Mtumishi Mwaminifu
Mzee, nawe tena?

Kijana wa Goba
Saa nne hii nimewatumia wale wa mkataba CV iliyorekebishwa, miaka mitatu, mradi mmoja. Sijaandika maelezo marefu. Kesho saa mbili naenda kwa bosi. Mke bado sijamwambia, hata la barua.

Tindo la Kati
Utuletee mrejesho, mkuu. Safari hii siongei utani.

Dereva wa Mwendokasi
Wakuu, samahani nje ya mada kidogo: hiyo nafasi anayoiacha, ya 2.6m na bima, nani ana imeili ya HR wao?

Mpekuzi Huru
Umechelewa. Mimi niliomba tangu ukurasa wa kwanza.