Honors au AP? Historia ya dunia, darasa la kumi

MamaNeema
Habarini ndugu. Binti yangu anaingia darasa la kumi Septemba hii, tuko Minnesota. Shule imeleta fomu: achague Historia ya Dunia ya Kisasa ngazi ya Honors, yaani juu kidogo ya darasa la kawaida, au AP World History: Modern, ile wanayosema ni ya kiwango cha chuo. Mshauri wa masomo nimemuuliza, kanijibu "zote nzuri". Mimi nilisoma HGL nyumbani (Historia, Jiografia na Kiingereza), historia naipenda, lakini mfumo wa huku unanipiga chenga. Tayari ana kemia na hesabu za juu, na jioni anakimbia riadha. Mliopitisha watoto huko, nisaidieni.

Mchambawima
Wangu alichukua AP. Kwanza hilo neno "Modern" lisikudanganye: somo linaanzia mwaka 1200 mpaka leo, mada kuu 9, na yote yaishe kabla ya mtihani wa Mei. Maswali 55 ya kuchagua kwa dakika 55, majibu mafupi matatu kwa dakika 40, insha ya nyaraka 7 kwa saa nzima, kisha insha nyingine dakika 40. Tangu 2025 unafanywa kwenye kompyuta. Matokeo ni 1 hadi 5. Vyuo vingine vinakubali 3 na kukuhesabia somo, vingine havikutazami mpaka uwe na 4 au 5.
Honors haina mtihani wa nje. Mwalimu ndiye anayetunga, ndiye anayesahihisha. Ukipata mzuri umepata.

Mhehe_Columbus
Mchambawima umesema kweli, ila umeipita Honors kama basi la usiku. Mwanangu alikuwa kwenye darasa hilo. Walianzia Mapinduzi ya Ufaransa na Haiti, hawakugusa huko nyuma kabisa, lakini Vita Kuu ya Kwanza walikaa nayo karibu mwezi. Mwalimu akawagawia Mkataba wa Versailles wenyewe, kila mtoto vifungu vyake, aeleze nani alikitaka na kwa nini. Wangu akaangukia 246.
Akaja jikoni: "Mama, Mkwawa ni nani?" Nilibaki na mwiko mkononi: mtemi wetu Wahehe, aliyepigana na Wajerumani, mwanangu hamjui! Kifungu kinasema Ujerumani irudishe Kurani ya Khalifa Othman kwa mfalme wa Hijazi, na fuvu la Sultani Mkwawa likabidhiwe kwa Waingereza, yote ndani ya miezi sita. Mimi mzaliwa wa Iringa, Kalenga nimepelekwa na shule fuvu nimeliona, na sikujua kama limeandikwa kwenye mkataba uliofunga vita ya dunia! Kwenye AP mwalimu angepata wapi nafasi ya kukaa na kifungu kimoja?

kijana_wa_kilwa
Shikamooni. Mimi ndiye niliyefanya, siyo mzazi 😄 Nilichukua AP mwaka juzi. Huko nyuma mnakosema hawakugusa ndiko kwetu kuliko! Biashara ya Bahari ya Hindi, miji ya Waswahili, Ibn Battuta akifika Kilwa 1331. Tulipewa kipindi kimoja tu lakini nilivimba kichwa wiki nzima. Ukianzia kwenye Mapinduzi ya Ufaransa unatukuta tumeshatawaliwa.
Ila mama, kusoma ni kwingi. Sura nzima kila wiki, na mwalimu hasubiri mtu. Insha ya nyaraka ina alama 7, na moja ni ya kuleta ushahidi ambao haumo kwenye nyaraka ulizopewa. Kwenye jaribio la vita nikaandika wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha Waingereza cha kubeba mizigo Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba jina la Kariakoo limetoka hapo. Alama ikaingia.

MamaNeema
Marahaba mwanangu. Na GPA je, wastani wa alama zake?

Mwalimu_Mstaafu_Nakuru
Shule nyingi huongeza nusu pointi kwa Honors na pointi nzima kwa AP, lakini zipo zisizoongeza chochote, kwa hiyo hilo mpate kwa maandishi. Mtihani wa AP unakaribia dola 100, na familia ya kipato cha chini hupunguziwa kupitia shule. Uliza mapema, usingoje Machi.
Jambo jingine. Kwa jirani yangu Honors ilikuwa jina tu: kitabu kilekile cha darasa la kawaida, karatasi za mazoezi zikazidi. Usichague kwa jina. Omba mpango wa masomo wa mwaka jana na swali moja la insha walilopewa. Kama ni "taja sababu tano za Vita Kuu", huo ni mtihani wetu wa KCSE Kenya, angebaki nyumbani akaifanye 😂

Mchambawima
Mwalimu umetuchoma na sisi wa mitihani ya NECTA Tanzania.

MamaNeema
Nimerudi. Mwalimu wa Honors kanipa swali lao la mwaka jana: nyaraka nne za Mkutano wa Berlin wa 1884, mtoto aseme ni nani hakuwepo mezani na hilo linaonekanaje kwenye maandishi. Nikaridhika. Kemia na riadha zikamalizia, anachukua Honors. Shida nilimsimulia habari ya Mkwawa, sasa hanipi usingizi. Mkataba ulianza kufanya kazi Januari 1920, iweje fuvu lirudi 1954? Dada Mhehe?

Mhehe_Columbus
Wajerumani walidai hawajui liliko. Mwishowe gavana wa Tanganyika, Twining, akaenda mwenyewe Bremen 1953, akakuta mafuvu mengi kwenye makumbusho, akachagua moja kwa vipimo. Kama ndilo au silo, mwambie hiyo ndiyo insha yake ya kwanza, na akimaliza anitumie.