Naomba ushauri: mrithi wa kimila anataka kuuza nyumba anamoishi mama
Ndugu zangu mnaoifahamu sheria ya mirathi ya Uganda, naomba msaada wenu. Baba alifariki bila kuacha wosia, na sasa mrithi wa kimila aliyeteuliwa na ukoo anatafuta mnunuzi wa nyumba yetu ya Jinja, ilhali cheti cha kutokuwa na pingamizi (kibali cha Msimamizi Mkuu wa Serikali kinachohitajika kabla ya kwenda mahakamani) hakijatolewa wala mahakama haijampa mtu yeyote barua za usimamizi, yaani ruhusa ya kusimamia mali ya marehemu. Mama hana amani kabisa, jambo linaloniumiza sana. Ninavyoielewa sheria iliyorekebishwa mwaka 2022, mrithi huyo hupata asilimia 1 tu, mjane 20, watoto 75 na wategemezi 4. Je, tuweke kwanza zuio la kuuzwa kwa nyumba katika ofisi ya ardhi, au mama aanze kuomba cheti hicho?