Timu yako ilipobomoka, ni nini kiliirudisha? Tupeane uzoefu

Mtoa mada

Wakuu, habari zenu. Mimi ni wa Manchester United, na msimu wa 2024/25 umenifanya nianzishe uzi huu. Nafasi ya 15, pointi 42, mechi 18 za ligi tumepoteza. Fainali ya Ligi ya Europa kule Bilbao tukalala 1-0 mbele ya Tottenham, ambao wenyewe walimaliza ligi nafasi ya 17.

Kila nikikutana na wenzangu mjadala ni ule ule: kocha aende, kocha abaki, huyu auzwe, yule aletwe. Tangu kocha Ferguson astaafu 2013 wamepita Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag na Amorim, ukiacha wale wa muda. Kila mmoja alikuja na mpira wake. Di María aliletwa 2014 kwa rekodi ya usajili ya Uingereza wakati ule, mwaka uliofuata akawa Paris. Antony alinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 80 kwa ajili ya mpira wa Ten Hag. Akaja Amorim na mabeki watatu, mfumo usio na nafasi ya winga wa aina yake, akapelekwa Betis ya Hispania kwa mkopo. Mimi naona tatizo letu ni hilo: klabu haijui inataka kucheza vipi, kwa hiyo kila kocha anaanza upya juu ya mabaki ya aliyemtangulia.

Ila sitaki tujadili United pekee. Nataka waliokaa na timu iliyobomoka hadi ikasimama, au ambao bado wanasubiri, waeleze walichokiona. Kilianza nini? Nani aliondoka kwanza? Anayeandika "wafukuze kocha" tafadhali aandike na kinachofuata.

Beki Kisiki

Arsenal hapa. Ligi tulimaliza wa nane misimu miwili mfululizo, 2020 na 2021, na msimu wa 2021/22 tukakaa nje ya mashindano ya Ulaya kwa mara ya kwanza baada ya miaka 25. Ukaanza huo msimu: Brentford 2-0, Chelsea 2-0, Manchester City 5-0. Mechi tatu, hatuna bao, hatuna pointi, tunaburuza mkia. Ile siku ya City, Xhaka alipotolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, nilitoka nje na sikuona mabao matatu ya mwisho. Simu ilikuwa inawaka kwa ujumbe wa kumtaka kocha Arteta aondoke.

Ambacho wengi hawakukiangalia ni orodha ya waliosajiliwa dirisha lile. White, Ødegaard, Ramsdale, Tomiyasu, Lokonga, Tavares: wote miaka 23 kushuka chini. Saka na Smith Rowe tayari walikuwa ndani. Na kabla ya hapo walikuwa wameshavunja mikataba ya Özil, Sokratis na Mustafi, kisha Aubameyang akavuliwa unahodha na kuondoka Februari 2022. Kuwalipa watu wenye mishahara mikubwa ili waende zao inauma. Lakini mtoto wa miaka 20 akikaa chumba kimoja na mchezaji anayelipwa mara kumi yake na hakimbii, atajifunza kutokukimbia.

Msimu ule tulimaliza wa tano, tukaikosa Ligi ya Mabingwa kwa pointi mbili. Baadaye nafasi ya pili mara tatu mfululizo. Ubingwa haukuja katika misimu hiyo, najua mtasema. Ila kila nikiketi kuangalia mechi najua timu itacheza vipi, na hicho ndicho nilichokuwa nimekikosa kwa miaka.

Winga Teleza

Mkuu Beki Kisiki, naomba nitofautiane. Habari ya "subirini miaka mitano" imekuwa kinga ya makocha wasio na kitu. Mimi nafuatilia Leverkusen ya Ujerumani. Oktoba 2022 walikuwa wa pili kutoka mkiani, nafasi ya 17, akaletwa Xabi Alonso ambaye hakuwahi kufundisha timu ya kwanza ya ligi kuu yoyote. Mechi yake ya kwanza Schalke wakala nne. Msimu ukaisha wakiwa wa sita na wamefika nusu fainali ya Ligi ya Europa. Msimu uliofuata mechi 34 za Bundesliga, ligi kuu ya kule, bila kupoteza hata moja, ubingwa wa kwanza wa ligi katika historia ya klabu. Hiyo ni miezi kumi na minane na ushee. Hakuna cha mradi wa muda mrefu.

Mtoa mada

Winga Teleza, lakini kikosi alichokikuta kilikuwaje?

Winga Teleza

Kizuri, sikatai. Tah, Frimpong, Andrich, Hrádecký walikuwepo. Wirtz alikuwepo ila alikuwa anauguza goti, akarudi Januari 2023. Baada ya hapo wakaongeza Xhaka, Hofmann, Boniface, na Grimaldo aliyekuja bure. Kila mmoja aliingia kwenye tundu linaloonekana. Basi niseme hivi: kuna timu mbovu na kuna timu nzuri inayocheza vibaya. Ya pili kocha mmoja anaweza kuitengeneza. Tunakosea tukizipa zote mbili dawa moja.

Mama Soka

Hapo umesema jambo, mwanangu. Mimi ni Newcastle, na mtaniambia ni pesa za wamiliki wapya. Pesa zilikuwepo, timu ilinunuliwa Oktoba 2021, sikatai. Ila Eddie Howe alipoingia Novemba tulikuwa na pointi tano katika mechi 11, na ushindi wa kwanza ulikuja mechi ya 15. Kabla yetu hakuna timu iliyowahi kubaki Ligi Kuu ya Uingereza baada ya kukaa mechi 14 za mwanzo bila ushindi. Sisi tulimaliza wa 11.

Januari hawakukimbilia majina ya kuuza jezi. Alikuja Trippier beki wa kulia, Dan Burn kutoka Brighton akiwa karibu na miaka 30, Chris Wood wa kusukumana na mabeki, Targett kwa mkopo. Bruno Guimarães ndiye pekee aliyekuwa wa kesho. Yaani kwanza ziba mlango, timu iache kufungwa mabao ya kijinga.

Na Joelinton. Huyu kijana aliletwa 2019 kwa pauni milioni 40 awe mshambuliaji, mabao hayakuja, mashabiki wakamchoka. Howe akamrudisha katikati, akageuka kiungo anayeogopwa. Pesa haikununua hilo. Hilo ni jicho la kocha aliyekaa akamtazama mtu aliyekuwepo tayari. Machi 2025 tulipochukua Kombe la Ligi, taji letu la kwanza kubwa la ndani tangu 1955, Burn ndiye alifunga bao la kwanza kwa kichwa. Nililia, sioni aibu kusema.

Dakika ya Tisini

Mimi nitaandika marefu, mnisamehe. Hamburg.

Tulikuwa klabu pekee iliyocheza kila msimu wa Bundesliga tangu ianze 1963. Uwanjani kulikuwa na saa inayohesabu muda wetu ligi kuu. Tukashuka 2018. Wote tukasema ni mwaka mmoja tu, timu kubwa kama hii, tutarudi. Tulikaa huko misimu saba.

Watu hawaelewi mateso ya kukosa kidogo. Misimu mitatu ya mwanzo tulimaliza wa nne, wa nne, wa nne, na wanaopanda moja kwa moja ni wawili, wa tatu anacheza mchujo. Mwaka 2022 tukapata mchujo, tukashinda Berlin 1-0 dhidi ya Hertha, tukarudi nyumbani tukafungwa 2-0. Halafu ikaja siku ya mwisho ya 2023. Tuko Sandhausen, tumeshinda 1-0, filimbi imelia, mashabiki wamejaa uwanjani, mtangazaji wa uwanja anatupongeza kwa kupanda. Mimi nimeshampigia kila mtu simu. Kumbe Heidenheim bado wanacheza Regensburg. Walikuwa wamefungwa 2-0, wakarudisha moja, kisha dakika za nyongeza wakafunga mbili, la mwisho dakika ya 99. Wakapanda wao, na ubingwa wa daraja wakachukua. Sisi mchujo na Stuttgart, tukachapwa jumla 6-1.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya neno la "wafukuze kocha". Titz, Wolf, Hecking, Thioune, Hrubesch wa muda, Walter, Baumgart. Tulibadilisha karibu kila mwaka isipokuwa kipindi cha Walter. Kila aliyekuja aliambiwa panda mwaka huu, kwa hiyo kila mmoja alisajili kwa ajili ya mwaka huu. Heidenheim, mji mdogo, walikuwa na Frank Schmidt tangu 2007.

Tulipanda 2025 chini ya Merlin Polzin, kijana wa Hamburg aliyekuwa msaidizi tu kwenye benchi la ufundi, amekaa chini ya makocha kadhaa na anajua kila mchezaji anaumia wapi. Hatukumtafuta mbali. Selke akatupia mabao 22, tukamaliza kazi kwa kuichapa Ulm 6-1. Misimu mitatu ya mwisho uwanja ulikuwa unapokea kwa wastani zaidi ya watu 50,000, tena daraja la pili. Kwa hiyo msiniambie mashabiki hawana subira. Mashabiki tulikuwa nayo, waliokosa ni waliokaa ofisini.

Nahodha Mstaafu

Pole sana Dakika ya Tisini. Hiyo ya Sandhausen niliiona na nikaumia japo si wangu.

Milan nitagusa kifupi, kwa sababu Beki Kisiki kaeleza habari ya vijana na nataka kuongeza kipande. Desemba 2019 Atalanta walitupiga 5-0. Theo Hernández na Leão walikuwa wameshasajiliwa, vijana wazuri, lakini timu ilikuwa na woga. Januari akarudi Ibrahimović, miaka 38. Watu wakauliza tunajenga au tunafungua makumbusho? Mazoezini yule mzee hakumwachia mtu pasi mbovu. Kocha Pioli naye alikuwa njiani kuondoka, habari za kuja kwa Rangnick zilikuwa zimetapakaa. Ligi iliporudi baada ya kusimama kwa korona hatukupoteza mechi ya ligi hata moja hadi mwisho wa msimu. Uongozi ukabadili uamuzi, ukampa mkataba. Mei 2022 tukawa mabingwa baada ya miaka 11.

Vijana watupu hawajui kupoteza kunavyopaswa kuuma. Wanahitaji angalau mmoja wa kuwaonyesha.

Kona Fupi

Mimi naunga mkono hoja ya mtoa mada kuhusu klabu kujua inachokitaka. Tazameni Brighton na Chelsea msimu mmoja tu wa 2022/23. Septemba Chelsea wanamchukua Potter kutoka Brighton. Brighton wanamleta De Zerbi, wanamaliza wa sita, wanafuzu Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia yao. Chelsea wanamfukuza Potter Aprili, wanamaliza wa 12. Kocha ni yule yule. Brighton walikuwa wanajua aina ya mtu wanayemtafuta kabla Potter hajaondoka. Na kuuza hawaogopi: Caicedo waliyemtoa Ecuador kwa pauni milioni chache wakamuuza 2023 kwa zaidi ya milioni 100.

Beki Kisiki

Sawa, lakini Brighton hawadaiwi ubingwa kila mwaka. Wewe iambie United iuze nyota wake kila Agosti uone kelele zake.

Kona Fupi

Kelele zipo hata bila kuuza, ndugu yangu.

Mtoa mada

Mnanifumbua macho. Wa Napoli mbona mko kimya? Ninyi mlitoka ubingwa 2023 mkaenda nafasi ya 10 mwaka uliofuata.

Mlinda Mlango

Tulikuwa tunasoma, mkuu. Baada ya ubingwa Spalletti aliondoka, mkurugenzi wa michezo Giuntoli akaenda Juventus, Kim Min-jae akauzwa Bayern. Wachezaji wengi walibaki, waliokuwa wanaamua ndio waliokwenda. Msimu mmoja tukatumia makocha watatu: Garcia, Mazzarri, Calzona. Akaja Conte 2024, mechi ya kwanza Verona wakatufunga 3-0. Mei 2025 tukawa mabingwa kwa tofauti ya pointi moja na Inter.

Na kwa kuwa wewe ni wa United: mchezaji bora wa Serie A, ligi kuu ya Italia, msimu ule alikuwa McTominay. Mabao 12 ya ligi, likiwemo lile la kwanza siku ya ubingwa dhidi ya Cagliari. La pili akafunga Lukaku, naye alipita kwenu.

Mtoa mada

Hilo limeniingia. McTominay alikulia kwetu tangu mtoto, na aliuzwa kwa sababu mchezaji wa akademi akiuzwa pesa yote inaandikwa faida kwenye hesabu. Mkuu, nijibu moja tu: Conte alimpanga vipi tofauti na kwetu?

Mlinda Mlango

Alimwondolea kazi ya kuchukua mpira kwa mabeki na kuanzisha. Lobotka ndiye anafanya hiyo. McTominay anaanzia kushoto katikati, akiona krosi inakuja anaingia kwenye boksi kama mshambuliaji wa pili. Kwenu mara nyingi alikuwa anasimamishwa mbele ya mabeki, akigeuka na mpira ana watu wawili mgongoni. Mtu ni yule yule. Sisi tulimuuliza anaweza nini, tukampa hicho.

Mtoa mada

Nimekuelewa. Basi naomba wanaofuata waongeze na hili: taja mchezaji mmoja ambaye timu yako ilimwona mzigo, akapona alipobadilishiwa nafasi au kuhama. Na aliyebaki akapona, kama Joelinton wa Mama Soka, mtaje pia. Nitaanza kuorodhesha wa United usiku huu.