Soba hausi, methadoni au wodi ya hospitali? Ulinganisho kwa wenye ndugu wanaotumia unga na pombe

Binti_Tandika
Wakuu, habari za leo. Naomba mawazo ya watu wanaolijua jambo hili kwa karibu. Jumapili tuna kikao cha familia na sitaki niingie mikono mitupu.

Nyumbani tuna wawili. Mdogo wangu wa kiume, ana miaka 26, anavuta unga (heroini), na siku hizi nasikia ameanza kujidunga. Wa pili ni baba mdogo, yeye ni pombe kali, anaamka nayo na kulala nayo. Asipoipata asubuhi mikono inatetemeka, chai inamwagika kabla haijafika mdomoni. Wazee wamekubaliana tuchange, wote wawili wapelekwe soba hausi moja, yaani nyumba wanakokaa watu wanaoacha ulevi na dawa za kulevya, wafungiwe miezi sita. Shangazi anasema kuna mama anauza dawa ya poda, unamtilia mlevi kwenye uji bila yeye kujua na pombe anaichukia mwenyewe. Jirani amenitajia methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa kliniki watu wanaoacha unga. Tuko Temeke. Naomba mnilinganishie gharama, muda, na kipi kinamfaa nani.

NesiWaUsiku
Dada, pole sana, na hongera kwa kuuliza kabla hela haijatoka. Jambo la kwanza ambalo ningewaambia wazee kama ningekuwepo kwenye hicho kikao: hao si wagonjwa wa aina moja. Wakiwaweka kwenye gari moja kuwapeleka sehemu moja, mmoja wao anaweza kufa njiani, na si yule mnayemhofia.

Nianze na baba mdogo. Mtu anayekunywa kila siku mpaka mikono inatetemeka asubuhi, mwili wake umeshazoea pombe. Ukimfungia ghafla, kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio vinaanza ndani ya masaa machache. Degedege mara nyingi linakuja ndani ya saa 48 za mwanzo. Siku ya pili au ya tatu wengine wanachanganyikiwa kabisa, wanaona wadudu ukutani, homa inapanda, presha inapanda, na hapo ndipo watu wanapokufa. Soba hausi isiyo na daktari haina cha kumfanyia. Atahitaji hospitali kwa siku kadhaa mpaka wiki: anapewa dawa za kutuliza kama diazepamu kwa dozi inayopunguzwa kidogo kidogo, na vitamini B1, ambayo kwa mlevi asiyekula vizuri inatangulia kabla ya dripu ya glukosi kwa sababu ubongo wake unaweza kudhurika. Hospitali ya rufaa ya mkoa inaweza kumpokea, na kwa Dar, Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Neno "akili" lisiwatishe wazee, ndiko huduma hiyo ilikowekwa.

Kwa hiyo asiache leo nyumbani kwa nguvu ya imani. Aendelee kunywa kidogo mpaka afike kwa daktari. Najua inasikika vibaya kutoka kwa nesi, lakini ndivyo ilivyo.

Mdogo wako ni kinyume chake. Arosto ya unga ni mateso: miayo, kamasi, kuharisha, mifupa inauma, halali. Inakuwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, na ndani ya wiki moja hivi inapungua. Kwa kijana mwenye afya ni nadra imuue, akipata maji ya kutosha. Hatari yake inakuja baadaye. Akikaa miezi bila unga, mwili unasahau. Siku akitoka, akipiga kipimo kile kile cha zamani, pumzi inakata. Familia nyingi zimezika kijana aliyetoka "amepona".

FundiRangi_82
Nesi kasema kweli tupu. Mimi niko kwenye methadoni Temeke, na nitaeleza inavyokwenda maana watu wanaizungumza bila kuiona.

Huduma ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala 2012, Temeke 2014, na sasa iko mikoa kadhaa. Dawa ni bure. Huingii tu kama unavyoingia duka la dawa. Mara nyingi unapitia asasi zinazozunguka maskani, zinakuandaa, zinakupeleka, na wanataka uwe na ndugu wa kukusindikiza. Unapimwa mkojo, damu, VVU, kifua kikuu, homa ya ini. Halafu unaanza na dozi ndogo, inapandishwa polepole mpaka arosto haikusumbui na hamu ya unga inatulia. Usitegemee siku ya kwanza utakuwa sawa. Wengi wanakimbia wiki ya kwanza kwa sababu hiyo, wanasema "haifanyi kazi", kumbe dozi bado haijafika.

Kila siku asubuhi unapanga foleni dirishani, unataja namba yako, nesi anakupimia kwenye kikombe, unakunywa mbele yake, unakunywa maji, kisha anakusemesha kidogo ahakikishe umemeza. Basi, unaenda kazini. Sikukuu ipo, Jumapili ipo.

Gharama yake ni nauli na muda. Mtu wa Mbagala au Chanika asiye na kazi, nauli ya kila siku ndiyo inayomtoa kwenye dawa, si unga. Wekeni hilo kwenye mchango wenu. Ninyi wa Tandika mna bahati, anaweza hata kutembea.

Na asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi. Methadoni na valiamu kwa pamoja zinazima pumzi.

Mzee_wa_Chuda
Salaam kwenu nyote. Mimi niko Tanga, na naomba nitofautiane kidogo na vijana. Mwanangu aliokolewa na soba hausi. Methadoni naiheshimu, ila kwangu mtu anayekunywa dawa kila siku miaka na miaka bado ana kamba mguuni. Soba hausi alijifunza kuamka kwa saa, kufua, kupika, kukaa kwenye kikao na kusema yaliyo moyoni bila kuficha. Walimu wake wenyewe walikuwa watumiaji zamani, walikuwa hawadanganyiki. Wanafuata zile hatua kumi na mbili za vikundi vya wanaoacha pombe na dawa za kulevya. Leo ana duka la vipuri vya pikipiki na mtoto wa pili.

Kwa hiyo wazee wa binti hawajakosea moja kwa moja.

FundiRangi_82
Mzee wangu shikamoo. Namshukuru Mungu kwa kijana wako. Hiyo kamba naielewa, kila mtu ananiambia. Lakini mimi soba hausi nimekaa, na nilikaa vizuri, na nikitoka mtaa ulikuwa ule ule, kijiwe kile kile nje ya mlango wa nyumbani. Dawa ndiyo iliyonipa nafasi ya kupita pale kijiweni na ndoo ya rangi mkononi nisigeuze shingo. Mwenye sukari au mwenye presha haambiwi ana kamba kwa kumeza vidonge kila siku.

Mzee_wa_Chuda
Marahaba mwanangu. Hapo umenipa la kufikiri. Nakubali mwanangu alihamia kwa mjomba wake Korogwe baada ya kutoka, hakurudi mtaani kwetu. Pengine hilo lilisaidia kuliko nilivyokuwa nikilipa uzito.

MamaSabra_Unguja
Assalam alaykum. Huku kwetu soba hausi ni nyingi na zimesaidia watu wengi, na methadoni ipo Kidongo Chekundu. Nataka kusema namna ya kuchagua soba hausi, kwa sababu zinatofautiana kama usiku na mchana na familia zinaangalia geti na vigae tu.

Nenda bila kupiga simu kabla, wakati wa chakula cha mchana. Tazama kinachopikwa na kama wakaazi wanakutazama usoni. Uliza kama imesajiliwa na nani anakuja kuikagua. Uliza mgonjwa akipata degedege saa nane usiku wanafanya nini, na usikubali jibu la "haijawahi kutokea". Uliza mwenye VVU au kifua kikuu dawa zake anapewa na nani. Uliza kama anaweza kuongea na nyumbani, na kama akitaka kuondoka anafungwa. Nimemtembelea jamaa yangu mahali ambapo vijana walikuwa wamefungwa minyororo miguuni mchana kweupe, na mwenye nyumba anaeleza kama ni jambo la kawaida. Hapo usimwache mtu wako hata usiku mmoja.

Na ulizeni mapema kama wanapokea wanawake. Nyumba nyingi ni za wanaume, na mabinti wetu wanabaki majumbani kwa aibu hali inazidi kuwa mbaya.

Kisauni_Moja
Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Hapa Mombasa mambo yanafanana, nitaeleza kwa ufupi kwa faida ya Wakenya wanaosoma. Methadoni ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi 2015, na Mombasa kliniki iko Kisauni. Asasi kama Reachout Centre Trust na MEWA zina watu wa mitaani wanaoweza kumshika mkono mtu mpaka kliniki. Malindi, The Omari Project wako tangu 1995 na wana kituo cha kulala. Usipojua pa kuanzia piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure.

Tofauti moja ninayoiona: vituo vya binafsi vya kurekebisha tabia huku bei yake inaweza kuuza shamba la familia. Kabla ya kulipa, ulizeni kama kimeidhinishwa na NACADA, na ulizeni baada ya siku 90 nini kinafuata. Kituo ambacho hakina mpango wa baada ya kutoka kinauza kitanda, hakiuzi matibabu.

Binti_Tandika
Asanteni sana, nimejifunza mengi kwa asubuhi moja. Nimebaki na mambo mawili. Dawa ya shangazi ya kutia kwenye uji, je? Na mdogo wangu akikataa kabisa kwenda?

NesiWaUsiku
Ya shangazi, kataeni kwa heshima lakini kataeni. Ipo dawa halali ya hospitali inaitwa disulfiramu, inamfanya mtu aliyekunywa pombe awe mwekundu, atapike, kichwa kigonge, moyo uende mbio, presha ishuke. Anapewa mtu aliyeridhia, aliyepimwa moyo na ini, na anayejua hatari yake. Hizo poda za kuuzwa kwa siri hujui ndani kuna nini. Ikiwa ni kitu cha namna hiyo, baba mdogo akinywa gilasi mbili bila kujua ana nini mwilini, anaweza kuanguka na msijue mumwambie daktari nini. Maombi na dua endeleeni, hayagombani na hospitali.

Mdogo wako akikataa, usimvizie na watu wanne wa kumbeba. Akifika kwa nguvu, atatoka akiwa na hasira na mwili umeshasahau unga, na nimeshaeleza hapo juu inavyokuwa. Tafuta asasi inayofanya kazi Temeke, waelimishaji wao wengi walikuwa watumiaji wenyewe. Kama wanagawa sindano safi watampelekea, ili asipate VVU na homa ya ini kwa kuchangia, watazoeana, na siku moja atasema "nimechoka". Siku hiyo mnatakiwa muwe tayari na nauli, nguo safi na mtu wa kumsindikiza, kwa sababu kesho yake anaweza kubadilika. Namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119, ni bure, waulizeni kliniki iliyo karibu.

Na jifunzeni hili wote nyumbani: ukimkuta haamki, midomo imebadilika rangi, anakoroma kwa kukwama au pumzi moja moja, ni unga umezidi. Mlaze ubavu, piga kelele, mkimbizeni hospitali mara moja mkisema ni unga. Wana dawa ya naloksoni, inayorudisha pumzi. Msimwogeshe maji ya baridi wala kumnywesha maziwa, mnapoteza dakika.

Jambo ambalo sijaona limesemwa: methadoni ni kwa ajili ya unga na jamii yake tu. Haisaidii pombe, bangi wala mirungi. Kwa hiyo baba mdogo msimpange kwenye foleni ya Fundi.

MamaSabra_Unguja
Na baba mdogo akishatoka hospitali, hapo soba hausi inaweza kumfaa, au vikundi vya wanaoacha pombe. Kule hospitali wanasafisha mwili tu, na anarudi kwa marafiki wale wale.

Binti_Tandika
Basi nitakachokipeleka Jumapili ni hiki: mchango usiende kwenye soba hausi kwanza. Baba mdogo aende hospitali wiki ijayo, na kaka mkubwa akubali kulala naye wodini. Fungu la pili ni nauli na chakula cha mdogo wangu kwa miezi mitatu, likae kwa mama, likisubiri siku atakayokubali. Soba hausi tutaizungumza baada ya hapo, na kabla ya kulipa nitaenda mwenyewe saa ya chakula.

Fundi, naomba nikuulize, mdogo wangu akikubali aje saa ngapi?

FundiRangi_82
Aje mapema, na usimruhusu aje peke yake siku ya kwanza. Aje na kitambulisho chochote alichonacho, hata cha mpiga kura. Akija na arosto imemshika asione haya, sote tulikuja hivyo hivyo. Akifika aulize mtu yeyote aliyeko kwenye foleni ataonyeshwa pa kuanzia. Mimi nipo pale kila asubuhi.

Mzee_wa_Chuda
Binti, kikao kikiisha tujulishe wazee walivyosema. Na kama wakigoma, nipe namba ya baba yako kwa faragha, nitampigia mimi, mzee kwa mzee.