Eti kiti changu kinafanya kazi kuliko mimi!

Mwana_Kamalondo:
Nimetoka mkutanoni sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Mnamjua mkuu wetu wa kazi ninayemsema, hakuna aliyewahi kutoa mzigo forodhani katika mji huu wa Lubumbashi asiyemjua yule bwana wa viatu vyenye ncha, ambaye manukato yake hufika ofisini kabla yake. Leo, mbele ya wafanyakazi wote, pamoja na kijana wa mazoezi ya kazi aliyeanza Jumatatu, amenielekezea kidole akasema: "Mzee, kiti chako kinafanya kazi kuliko wewe."

Kiti!

Chanzo ni ile programu aliyoipachika katika kompyuta zetu, inayohesabu tumebonyeza herufi mara ngapi na tumesogeza kipanya mara ngapi, kisha inampaka kila mmoja rangi ukutani: kijani ni mchapakazi, nyekundu ni mvivu. Jina langu lilikuwa jekundu kuliko vumbi la Katuba mwezi wa nane. Sasa niambieni, malori yakikwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa sababu ya tarakimu moja iliyokosewa katika hati, hutolewa kwa kubonyeza herufi? Ni mimi ninayeshika simu asubuhi nzima, nikimbembeleza huyu na kumkumbusha yule kanuni, mpaka kizuizi kinainuliwa. Na kwa mashine, saa hizo zote nilikuwa nimelala. Umeme ukikatika, huo nao ni uvivu wangu. Aliyeongoza kwa kijani ni binti wa mapokezi, ambaye sote tunajua kwamba huegemeza daftari juu ya kibodi akaenda zake kununua maandazi. Mfanyakazi bora wa mwezi ni daftari!

Lakini hayo ningeyameza. Kiti, ndugu zangu, kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, ambacho yeye mwenyewe amekataa kukibadilisha, ndicho alichonilinganisha nacho mbele ya mtoto wa mazoezi!

Mama_wa_Katuba:
Pole sana, Baba. Ila naomba kuuliza kwa heshima: kiti hicho kinalipwa kwa wakati? Kama kinalipwa, naomba kazi hapo kwenu, hata ya stuli.

Ruashi_Kwetu:
Nami namjua sana huyo bwana. Alipokuwa kwetu alitupima kwa daftari la kuingia na kutoka: aliyefika alfajiri akasinzia mezani hadi magharibi alipongezwa, na aliyemaliza kazi yake mapema akaenda nyumbani alikatwa mshahara. Nilipomkumbusha kwamba sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaweka kikomo cha saa 45 kwa juma, alinijibu kwamba saa za mtu mwenye moyo hazihesabiki. Basi daftari lilikuwa la nini?

Mwalimu_Mstaafu:
Tusimwonee kabisa mkuu huyo. Mfaransa Maximilien Ringelmann alichapisha mwaka 1913 majaribio yaliyoonyesha kwamba kadiri wavuta kamba walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu pungufu kuliko alipokuwa peke yake. Kwa hiyo wanaojificha nyuma ya wenzao wapo, na mwajiri ana haki ya kutaka kuwajua. Kosa la huyu ni kwamba amepima jinsi kamba inavyotikisika, hakupima mzigo umesogea kiasi gani.

Mama_wa_Katuba:
Mwalimu, mtu ametukanwa kwa kiti, wewe unamletea kamba?

Mchimbaji_Kolwezi:
Ninyi wa ofisini mnalia kwa sababu ya rangi. Sisi tunashuka shimoni, tunapanda na magunia mgongoni, halafu jasho lote hilo linahukumiwa na mizani ya mnunuzi na kile kimashine chake cha kusoma kiwango cha kobalti. Gunia moja, depo mbili za wanunuzi, visomo viwili, na sijawahi kuona kosa likimwangukia mnunuzi. Ukibisha, unaambiwa uyarudishe mawe shimoni.

Ruashi_Kwetu:
Hujasema habari ya unyevu! Mdogo wangu alikatwa uzito eti mawe yana maji, na maji yenyewe yalipimwa kwa macho.

Mwana_Kamalondo:
Jamani, naomba turudi kwenye kiti. Alisema mbele ya mtoto wa mazoezi, na mtoto alicheka!

Mchimbaji_Kolwezi:
Kaka, kiti chako tumekisikia. Ruashi, depo hiyo ya unyevu ni ile ya kando ya barabara kuu au ni ile iliyohama?

Ruashi_Kwetu:
Ni ile iliyohama, na walihama na mizani yao ile ile.