Naomba ushauri: vitabu vya kusikiliza vya mapenzi ya giza

Habari zenu wanajamvi. Naombeni ushauri wa wanaosikiliza vitabu vya mapenzi ya giza (dark romance, yaani hadithi za mahaba zenye ukatili na mambo mazito), hasa vile vya dunia iliyoharibika, ambako serikali inawachungulia watu hadi chumbani.

Nilianzia Nineteen Eighty-Four ya George Orwell, ya mwaka 1949. Wengi huiita ya siasa, lakini kilichonishika mimi ni mapenzi ya Winston na Julia: kile chumba cha kupanga juu ya duka la vikorokoro, kahawa na sukari halisi alizoleta Julia kwa kificho, kumbe ukutani nyuma ya picha kuna mtambo unawasikiliza. Nilikuwa napiga pasi, nusura niunguze shati.

Tangu hapo nimejaribu vipya vinne, viwili nimeviacha njiani. Mwanamume anamteka binti, anamfungia, halafu msimulizi anashusha sauti nzito ya kubembeleza kana kwamba hayo ni mahaba. Kwenye karatasi ningeruka kurasa. Kwenye sauti ukiruka sekunde 30 unatua palepale. Nikaongeza kasi hadi 1.5, ikawa kichekesho. (Wasimulizi wawili, wa kike na wa kiume, walau husaidia.)

Sasa, mnatambuaje kabla ya kulipia kwamba kitabu kina ukatili wa aina hiyo? Zile dakika tano za kuonja hazisemi kitu. Na kuna aliyepata chenye giza lote hilo lakini wapendanao wamependana kwa hiari, hata kama mwisho wake ni mchungu?